Zebaki Kwenye Mvua: Kukolea Si Kutua

Mara nyingi inapotoka ramani mpya ya zebaki inayotua kwa mvua huko Marekani, habari huandikwa vilevile: Florida ya kusini "ina mvua yenye zebaki nyingi kuliko kwingine". Ukiitazama ramani yenyewe, namba zilizochorwa pale hazizungumzii mvua ilivyokolea zebaki. Zinazungumzia zebaki iliyoshuka ardhini. Wanafunzi wa uzamili wanaoingia kwenye fani hii nao huchanganya mambo haya mawili, na wengine huyabeba hivyo hivyo hadi kwenye tasnifu.

Maana yenyewe ni fupi. Utuaji wa zebaki kwa mvua ni uzito wa zebaki yote ambayo mvua na theluji huishusha juu ya eneo fulani kwa muda fulani. Huandikwa kwa mikrogramu kwa mita ya mraba kwa mwaka. Ukolezi ni uzito wa zebaki ndani ya lita moja ya maji hayo, na huandikwa kwa nanogramu kwa lita. Nanogramu 1,000 ni mikrogramu 1.

Kinachounganisha viwili hivi ni kipimo cha mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo unazidisha ukolezi kwa milimita na umepata utuaji. Mahali penye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka na ukolezi wa nanogramu 13 kwa lita, ardhi inapokea nanogramu 19,500 kwa mita ya mraba, yaani karibu mikrogramu 20. Hiyo ndiyo hali inayofanana na Florida ya kusini. Sasa chukua jangwa la aina ya Nevada: tuseme mvua milimita 200, ukolezi nanogramu 20. Ardhi inapata mikrogramu 4 tu. Mvua iliyokolea zaidi imeshusha sehemu moja ya tano ya ile iliyokolea kidogo. Kikombe cha uji chenye kijiko kimoja cha sukari ni kitamu kuliko sufuria nzima iliyotiwa vijiko vitano, lakini sukari nyingi imeingia sufuriani.

Kwa nini mvua ya jangwani ikolee hivyo? Si lazima pawe na kiwanda jirani. Tone linapopita kwenye hewa kavu chini ya wingu, maji huvukiza na zebaki inabaki ndani ya tone lililopungua. Vumbi nalo huongeza lake. Isitoshe, milimita za mwanzo za mvua yoyote ndizo huosha hewa. Zinazofuata hukuta hewa imekwisha kuoshwa, na ukolezi hushuka kadiri mvua inavyoendelea. Pasiponyesha mvua ndefu, huko kushuka hakutokei.

Florida ni kisa kingine. Zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyo hewani ni mvuke wa zebaki tupu, ambao hauyeyuki vizuri majini, ndiyo maana unaweza kukaa angani miezi kadhaa na kuvuka bahari. Mvua hunasa ile iliyokwisha kuoksidishwa, yaani iliyogeuka kikemia ikawa inayeyuka majini, na hiyo hupatikana kwa wingi juu sana. Mawingu ya radi ya kiangazi huko Florida hupanda kilomita nyingi, hufika kwenye hazina hiyo na kuishusha pamoja na mvua kubwa. Kwa hiyo anayeona namba kubwa ya Florida na kuanza kutafuta bomba la moshi la jirani anaweza kuwa anatafuta pasipo penyewe.

Kosa linalofanyika zaidi, hata kwa wanaojua tofauti hii, liko kwenye wastani. Mtandao wa Marekani wa kupima zebaki kwenye mvua, ulioanza rasmi mwaka 1996, huchukua sampuli kila Jumanne. Mwisho wa mwaka mtafiti ana namba kama hamsini za ukolezi, naye anazijumlisha na kugawanya. Hapo ndipo anapoharibu. Tuseme wiki moja ilinyesha milimita 5 zenye nanogramu 40 kwa lita, na nyingine milimita 95 zenye nanogramu 8. Wastani wa kawaida ni 24. Ukizidisha kwa milimita 100 unapata nanogramu 2,400 kwa mita ya mraba. Lakini kilichotua kweli ni 200 jumlisha 760, yaani 960, na wastani sahihi, ambao kila wiki hupewa uzito kulingana na kiasi cha mvua yake, ni 9.6. Umeongeza utuaji mara mbili na nusu kwa sababu kimvua kidogo kimepewa kura sawa na gharika.

Kosa la pili liko chupani. Chupa ya kukusanyia hutangulizwa mililita 20 za asidi hidrokloriki ya asilimia 1, ili zebaki isigande kwenye kuta wala isirudi kuwa mvuke na kupotea. Kama mdomo wa faneli yako una sentimita za mraba 100, milimita 1 ya mvua hukupa mililita 10. Wiki ya milimita 2 inakupa mililita 20 za mvua juu ya mililita 20 za asidi. Ukisahau kuiondoa asidi kwenye hesabu, ukolezi wako umepungua nusu. Na kina cha mvua usikichukue kwenye chupa. Kichukue kwenye kipima mvua kilichosimama kando, kwa sababu kifuniko cha mtambo wa kukusanyia mvua huchelewa kufunguka, upepo hupeperusha matone, na theluji ndiyo mbaya zaidi.

Kifuniko hicho chenyewe kina maana. Tone likigusa kihisi, mtambo hufunguka. Mvua ikikatika, hujifunga. Hivyo unapima kilicholetwa na mvua peke yake. Aliyeweka ndoo wazi kwa wiki nzima amekusanya mvua pamoja na vumbi, na matokeo yake hayalinganishwi na ya mtambo huu bila kusema wazi. Chupa iwe ya kioo au ya tefloni, maana mvuke wa zebaki hupenya plastiki ya kawaida. Wawili ndio huchukua sampuli: mmoja mwenye glavu safi hagusi kitu chochote isipokuwa chupa na mfuko wake wa ndani, mwenzake hushika mifuko ya nje na vyuma vya mtambo. Mwenye meno yaliyozibwa kwa amalgamu, mchanganyiko wa metali wenye zebaki, asiinamie chupa iliyo wazi akipumua. Inachekesha, lakini unatafuta sehemu chache kwa trilioni. Mwaka wa kwanza wa uzamili huishia hapo: kuosha vioo kwa asidi na kupima sampuli tupu, yaani maji yasiyotakiwa kuwa na zebaki yaliyopitishwa hatua zilezile, hadi zitoke tupu kweli. Msimamizi asiyekuuliza habari za sampuli tupu, mtilie shaka.

Maabarani nako, zebaki yote huoksidishwa kwa bromini kloridi, kisha hugeuzwa mvuke kwa kloridi ya bati, hunaswa juu ya dhahabu, hupashwa moto na kusomwa kwa mwanga wa urujuanimno. Namba inayotoka ni ukolezi. Mashine haijui utuaji. Hiyo ni hesabu yako.

Kutoka kwenye mkanganyo huohuo huzaliwa hofu ya kunywa maji ya mvua. Kikomo cha Marekani cha zebaki kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 2 kwa lita. Cha Shirika la Afya Duniani ni 6, kwa zebaki isiyo ya kikaboni. Mvua ya nanogramu 13 iko chini ya kikomo cha Marekani kwa zaidi ya mara 150. Tatizo la Florida haliko kwenye glasi. Liko kwenye utuaji: zebaki hushuka mwaka baada ya mwaka kwenye vinamasi vya Everglades, bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina yenye sumu inayojikusanya miilini, na hiyo hupanda kutoka mdudu hadi samaki mkubwa. Ndiyo maana watu hupewa tahadhari juu ya samaki, si juu ya mvua.

Kwetu mkanganyo huu huja kwa njia ya dhahabu. Uchimbaji mdogo ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu, karibu asilimia 38 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015. Mchimbaji wa Geita au Chunya anapochoma mchanganyiko wake wa dhahabu na zebaki bila retoti, yaani chombo kilichofungwa cha kunasia mvuke, kinachotoka zaidi ni ule mvuke usioyeyuka vizuri. Mwingi husafiri. Unaopoa karibu huganda juu ya bati la kibanda, udongo na majani bila kusubiri mvua. Kuuita "mvua ya zebaki" ni kuukosea, na pia ni kumsahau anayeuvuta akiwa amesimama pale pale.

Kwa kweli hata penye mvua, mvua si njia pekee. Utafiti wa tundra ya Alaska uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta takriban asilimia 70 ya zebaki ya udongoni ilinyonywa na mimea kama mvuke. Kwa hiyo ukisoma namba, tazama kizio. Kikiisha na lita, andika kwamba mvua imekolea. Kikiisha na mita ya mraba, andika kwamba ardhi imepokea. Na kama kilichopimwa ni cha mvua peke yake, ongeza maneno mawili tu: "kwa mvua".