Unaenda na nani? Neno kwa manesi wa Mbeya wanaotaka kwenda Uingereza

Manesi wanaonifuata hapa Mbeya kuuliza habari za kwenda kufanya kazi Uingereza huwa wanaanza na hela, na siwalaumu, mana nauli na ada za mitihani sio mchezo. Nikishawajibu hayo mimi nawauliza, unaenda na nani? Wengi wanashangaa. Mi nimefanya kazi kule, nikarudi, sa hivi nawaandaa wenzangu kwa ajili ya OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupata usajili wa unesi kule, na nawaambia wote: rafiki wa kuwa naye kule anza kumtafuta ukiwa bado huku.

Sababu ni hii. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya 2023, nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo waajiri wa Uingereza na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kutafuta watu huku, ila wewe mwenyewe unaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja (wakala akikufuata mpaka Mwanjelwa na ahadi zake, mwogope). Wafilipino na Wahindi wamekuwa wakiajiriwa kwa makundi, wanafika uwanja wa ndege wameshajuana. Sisi tunaenda mmoja mmoja, unafika hujui hata wa kumuuliza basi la kwenda kazini linasimama wapi.

Sasa OSCE yenyewe. Mtihani wa Kiingereza na ule wa kompyuta unaweza kuimaliza kabla hujasafiri, OSCE inafanyika kule kule, stesheni 10, yaani vituo unavyopita kimoja kimoja ukipimwa: nne zinafuata huduma ya mgonjwa kuanzia kumchunguza, kupanga, kutekeleza mpaka kutathmini, nne za ujuzi wa mikono, mbili za kuandika. Huwezi kuisoma peke yako chumbani, lazima mtu alale awe mgonjwa wako.

Kuna dada wawili nilikuwa nao, mmoja wa Tukuyu mwingine wa Makete, walikuwa wakitoka shifti wanakutana Uyole kwa mmoja wao. Huyu analala, yule anajitambulisha, anauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, analinganisha na bangili ya mkononi yenye jina la mgonjwa, anaomba ridhaa, anauliza aleji, anahesabu pumzi. Siku moja yule wa Makete akainuka kitandani akamwambia mwenzake, "Dada, umehesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili." Na alikuwa sahihi kumkatisha. Kwenye NEWS2, chati wanayotumia kule kujua mgonjwa anazidiwa, pumzi 24 kwa dakika zinampa pointi 2, zikifika 25 ni pointi 3, na 3 kwenye kipimo kimoja tayari unatakiwa kuita mtu aje kumwangalia. Ukihesabu nusu nusu unaweza kuruka huo mpaka bila kujua. Mtu wa kukwambia hivyo usoni bila kuogopa utanuna, huyo ndo wa kusafiri naye.

Kule wakapangwa hospitali moja. Mmoja akapasi, mwingine akadondosha stesheni. Hapa ndo urafiki mwingi wa manesi unakatika na wala hakuna ugomvi, ni aibu tu, aliyefeli anaacha kupokea simu, aliyepasi anaogopa kuonekana anaringa. Na wodini inaonekana wazi, mmoja kashapata usajili anagawa dawa, mwenzake bado hagawi na mshahara wake uko chini. Wao walikuwa wameshakubaliana toka Uyole kwamba matokeo wanaambiana siku hiyo hiyo yakitoka, yawe mazuri yawe mabaya. Ukifeli stesheni chache unarudia hizo tu, ila kwenye ombi moja una nafasi tatu jumla, ukizimaliza unasubiri miezi sita. Kwa hiyo yule aliyepasi akawa siku zake za ofu anakuja kulala kitandani kuwa mgonjwa, mpaka mwenzake akavuka. Mi hilo nalihesabia kubwa kuliko zawadi yoyote.

Baada ya hapo adui anakuwa rosta. Shifti ni za kama masaa 12, mmoja yuko mchana mwingine naiti, mnaweza kukaa wiki nzima mnapishana tu mlangoni. Ombeni mapema ofu zenu ziangukie siku moja hata mara moja kwa mwezi, kabla rosta haijatoka. Na mkiwa kwa mgonjwa ongeeni Kiingereza hata kama mko wawili tu, mana akisikia lugha asiyoijua anaona anasemwa, hapo mnajitafutia kesi bure.

Mkataba pia someni wote wawili, hasa ile sehemu ya kurudisha gharama ukiacha kazi mapema, jicho la pili linaona ulichoruka.

Kwa ambaye bado hana mwenzake, angalia kwanza usajili anaoutaka huyo unayemfikiria. OSCE ya watu wazima, ya watoto, ya afya ya akili na ya ukunga ni tofauti, kwa hiyo mkunga na nesi wa wodi ya wanaume wanaweza kusoma Kiingereza pamoja vizuri tu, wakapeana ripoti ya wodi kwa Kiingereza kila jioni, ila kwenye mazoezi ya mikono kila mtu atafute wa fani yake. Anza kuuliza wodini kwako kesho, usingoje viza.