Lita moja ya esansi katika milima ya Bukavu: tunayoamini na yaliyo kweli

"Tangi lina lita 11, kila lita inakwenda kilomita 70." Mwuzaji wa pikipiki alisema hivyo, na mdogo wangu akapiga hesabu palepale dukani: kilomita 770. Aliondoka akiamini kwamba atajaza Jumatatu na kusahau habari ya esansi (petroli) hadi Jumatatu nyingine. Alhamisi akanipigia simu. Alikuwa ametoka Nyawera na abiria, pikipiki ikamzimikia katikati ya kupanda mlima wa Kadutu. "Yaya, wameniuzia chombo kibovu."

Chombo kilikuwa kizima. Tangi ndilo lililokuwa tupu, baada ya kilomita 400 hivi, na kwa mji wetu hizo si haba. Nimebeba abiria Bukavu, mashariki ya Kongo, miaka tisa, sita ya mwisho nikiandika katika daftari kila lita iliyoingia tangini, na ninaumia kuona vijana wanavyopoteza fedha za siku kwa sababu ya mambo waliyoambiwa kijiweni. Mtu anatoka saa kumi na mbili asubuhi, analipa esansi, anampelekea mwenye pikipiki fedha zake za kila siku, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Lita moja inayopotea bure inatoka kwenye sahani hiyo.

"Kiwanda kimesema 70, basi ni 70"

Kiwanda hakikudanganya, ila kilipima mahali pengine. Pikipiki hupimwa ikiwa imesimama juu ya chuma kinachozunguka, ikiwa mpya, matairi yamejaa vizuri, na mzigo ni wa mtu mmoja. Hakuna mama mwenye gunia la makaa nyuma, hakuna mashimo, hakuna kusimama kila mita hamsini kwa sababu ya msongamano wa Place de l'Indépendance. Na hakuna mlima.

Mlima ndio wenye neno kubwa hapa kwetu. Chukua pikipiki ya kilo 120, wewe kilo 70, abiria kilo 70. Jumla ni kilo 260. Kuziinua kilo hizo mita 100 kwenda juu kunahitaji nguvu ambayo haina ujanja. Lazima itoke kwenye esansi. Injini ndogo kama zetu hufikisha kwenye gurudumu robo tu ya nguvu iliyomo ndani ya esansi, au chini ya robo, na iliyobaki inatoka kama joto. Ukipiga hesabu, mita 100 za kupanda zinakula mililita 35 hadi 40 za nyongeza, juu ya zile ambazo ungetumia kwenye tambarare. Ni kama umeongeza kilomita mbili kwenye safari bila kusogea popote. Panda Kadutu mara kumi kwa siku uone.

Watu husema, "lakini ukishuka unazirudisha." Huzirudishi. Ukishuka unashika breki, na breki inageuza nguvu ile kuwa joto linalopotea hewani. Ngoma ya gurudumu la nyuma inayounguza kidole ukifika chini ya mteremko, ile ndiyo esansi yako uliyoilipia ukiwa unapanda.

Hata safari ndefu zina fumbo hilihili. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kavumu uko karibu mita 1,700. Ukienda Kavumu unapanda, hata kama barabara yenyewe haikuonyeshi, na ukirudi mjini unashuka. Anayepima wakati wa kurudi tu atajisifu kijiweni, na atakayemwamini atakwama njiani. Daftari langu, kwa pikipiki ya cc 125 ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya esansi na hewa), linasema hivi: peke yangu, kilomita 50 kwa saa, kwenda na kurudi Kavumu, lita moja inakwenda kilomita 50 na kitu. Mjini na abiria mmoja ni 38 hadi 42. Siku za soko, na mizigo ya Kadutu, nimeshaona 33. Pikipiki ni ileile na mwendeshaji ni yuleyule.

"Rizevu ni tangi la pili"

Hili limewalaza wengi njiani, nami nimo. Ukifungua robine, ile koki ya esansi chini ya tangi, ukaitoa nje, utaona mirija miwili iliyosimama, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Robine ikiwa ON, esansi inaingia kwa juu ya mrija mrefu. Esansi ikishuka chini ya ncha ya mrija huo, injini inakohoa na kuzima ingawa tangi bado lina kitu. Ukigeuza kwenye RES, yaani rizevu, sasa inaingia kwa mrija mfupi. Basi. Hakuna tangi jingine lililofichwa; ni chini ya tangi lilelile, lita moja na nusu au mbili hivi kwa matangi mengi ya lita 11 au 12.

Kwa hiyo anayeendesha siku zote kwenye RES "ili isizime" amejinyang'anya onyo lake. Usiku mmoja nilikuwa natoka Kavumu na mama mmoja aliyekuwa akiwahi mgonjwa hospitali ya Panzi. Mchana nilikuwa nimegeuza robine nikaisahau hivyohivyo hata baada ya kuongeza esansi. Pikipiki ilipozima nilinyosha mkono chini ya goti, kidole kikaikuta robine tayari iko RES. Sikusahau tena. Nikijaza, mkono wangu unarudisha robine ON kabla sijafunga kifuniko.

Kilichotufikisha siku ile ni umbo la tangi. Tangi la pikipiki limekaa juu ya chuma cha katikati kama mtu aliyepanda punda, mguu huku, mguu kule. Robine iko upande mmoja, mara nyingi kushoto, na esansi kidogo hubaki imenaswa upande wa pili. Nilimwomba mama ashuke, nikailaza pikipiki upande wa robine hadi mpini ukakaribia ardhi, nikasikia esansi ikivuka ndani kwa mlio mdogo. Ilitosha kufika kwa muuza esansi ya chupa wa kwanza.

Ukitaka kujua tangi lako litakufikisha wapi, usizidishe lita zote 11. Toa rizevu kwanza, zinabaki tisa. Zidisha kwa namba yako ya mjini, tuseme 38. Ni kilomita 340. Hizo ndizo za kupangia kazi; rizevu ni ya kutafutia kituo.

"Nikishuka na injini nimezima, nimeokoa"

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wenzangu hawakosei kabisa. Kwenye pikipiki ya kabureta, hata ukifunga aksileta (mpini wa kuongeza mwendo) wakati wa kushuka, injini bado inavuta esansi kidogo. Ukizima, haivuti. Ni kiasi gani? Injini ya cc 125 inayonguruma bila kwenda hutumia kama robo lita kwa saa nzima. Mteremko wa dakika tano ni mililita 20, vijiko vinne vya chai.

Kwa vijiko hivyo vinne unatoa nini? Injini ikiwa kwenye gia hukushikia pikipiki isikimbie. Ukiizima na kuweka nyutro, uzito wote unaachiwa breki mbili ndogo, abiria mgongoni, udongo mwekundu uliolowa chini ya tairi. Breki za ngoma zikishapata joto sana zinalegea, na zinalegea katikati ya mteremko, si mwisho. Pikipiki nyingi pia taa yao ya mbele inalishwa na injini, hivyo anayezima usiku anashuka gizani. Nimemsaidia kumwokota mwenzetu mmoja kwenye mtaro kwa sababu ya vijiko vinne. Shuka na gia ya pili au ya tatu, aksileta imefungwa. Na kama pikipiki yako ni ya injeksheni, isiyo na kabureta, kushuka hivyo ni bora zaidi, kwa maana kompyuta yake inakata esansi kabisa. Ile ya kuweka nyutro ndiyo inayokula.

Mahali pa kuzima ni pale unaposimama. Ile imani kwamba kuwasha upya kunakula kuliko kuacha ingurume haina ukweli kwa injini zetu ndogo. Ukiwa kijiweni unasubiri mteja, zima.

"Fundi, nifungie kabureta"

Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu nusu mzunguko, unalipa, unaondoka na furaha. Kwa siku mbili unaona kama esansi imepungua kuisha. Kisha unagundua kwamba mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya tatu sasa unataka ya pili na aksileta hadi mwisho. Skrubu ile inahusu hasa mngurumo wa kusimama na mwendo mdogo. Ukiibana kupita kiasi, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, injini inachemka, plagi inatoka nyeupe kama chokaa, na valvu zinaungua. Fedha za valvu hazilingani na za esansi.

Lakini kuna ukweli ambao mafundi wetu wazuri wanaujua. Hapa juu hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya nchi za chini inamwaga esansi nyingi kidogo kuliko hewa inayoipata. Plagi inakuwa nyeusi, kavu, kama masizi ya sufuria. Dawa yake ni kubadilisha jikleri, kile kitundu cha shaba ambamo esansi hupita, uweke kilicho kidogo kwa namba moja au mbili, kisha uangalie rangi ya plagi baada ya siku chache. Inayotakiwa ni kahawia, kama chai ya maziwa. Kubana skrubu bila kuangalia plagi ni kubahatisha.

Na usikubali kuondolewa filta ya hewa "ili ipumue". Kiangazi vumbi letu linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi. Baada ya hapo pikipiki inakunywa esansi na oili pamoja.

Mengine ni mafupi. Kwamba tangi lenye esansi kidogo linaimaliza haraka: hapana, lita moja ina uzito wa robo tatu ya kilo tu, na injini haijui iliyobaki ni ngapi. Kwamba ununue alfajiri kwa sababu esansi ya baridi ni nyingi: tofauti ya nyuzi 10 za joto ni asilimia moja, na matangi yaliyofukiwa ardhini hayabadiliki joto hivyo. Kwamba ujaze hadi shingoni: joto linaipanua esansi, na pikipiki ikisimama juani inamwaga pembeni uliyoilipia. Kwamba gia ya juu siku zote ndiyo nafuu: ni kweli kwenye tambarare, si kweli unapopanda huku injini inatetemeka na kugonga, hapo unachoma esansi bila kupata mwendo. Na kukimbia: upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu inayopanda haraka kuliko mwendo wenyewe, hivyo kutoka 50 hadi 80 ni kulipa upepo zaidi ya mara mbili.

Esansi ya chupa siikatai, maana wakati mwingine ndiyo pekee iliyopo. Ila angalia kitako cha chupa: kikiwa kimesukumwa ndani, ujazo umepungua. Inyanyue kwenye mwanga pia. Maji hukaa chini ya esansi, yanaonekana kama utepe au matone yanayotembea. Yakiingia kwenye bakuli la kabureta, pikipiki itakohoa nawe utadhani esansi imeisha. Kabla ya kumlaumu yeyote, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia "pssss", kitundu cha hewa cha kifuniko kimezibwa na tope, esansi haishuki. Kizibue kwa sindano.

Kupima mwenyewe hakuna ugumu. Kwanza rudisha kebo ya mita, maana nusu ya pikipiki za mji huu mita zake zimekufa na anayeendesha hajui amekwenda wapi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, jaza hadi alama moja unayoikumbuka, andika namba ya mita. Fanya kazi. Jaza tena kwenye stendi hadi alama ileile, andika lita zilizoingia, gawanya kilomita kwa lita. Mara moja haitoshi, fanya mara tatu au nne.

Mdogo wangu alikubali, ingawa alinung'unika kuhusu daftari. Juzi kanionyesha ukurasa wake wa kwanza: 37, 39, 38. Ya nne ilikuwa 31. Hakusubiri nimwambie, alikwishapandisha pikipiki kwenye stendi na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, likazunguka nusu na kusimama. Breki ilikuwa inabana. Alilegeza nati kwa spana namba 14, akaoga, akarudi kazini.