Munus: pale kuua kulipokuwa wajibu

Kilatini kina neno munus. Maana yake ni wajibu, na hapohapo ni zawadi: kitu unachopaswa kukitoa, nawe unakitoa. Mwenye cheo mjini alikuwa na munus kwa wananchi, mtoto alikuwa na munus kwa mzazi aliyefariki. Neno hilohilo ndilo Warumi waliloliita pambano la magladiatori, wale wapiganaji waliopambanishwa kwa silaha mbele ya watazamaji. Msomaji wa leo akilikuta hudhani kamusi imekosea.

Haijakosea. Mwaka 264 KK, wana wa Decimus Junius Brutus Pera walimfanyia marehemu baba yao heshima kwa kupambanisha jozi tatu za watu wenye silaha, katika soko la ng'ombe la Roma. Ndilo pambano la kwanza la namna hiyo kutajwa mjini humo. Marehemu alidai damu, watoto wakalipa. Mwaka 216 KK, katika mazishi ya Marcus Aemilius Lepidus, jozi zilikuwa 22. Mwaka 65 KK mwanasiasa Julius Caesar akaleta jozi 320 kwa ajili ya baba yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshalala kaburini miaka 20. Huo tena si msiba, ni kutafuta kura.

Makaisari waliofuata, yaani watawala wa dola ya Roma, walilichukua deni hilo wakalifanya lao kwa umma mzima. Kaisari Titus alipouzindua Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho mjini Roma, mwaka 80 BK, sherehe zilikwenda siku 100. Na kila kitu kilikuwa na mpango wake. Asubuhi walipiganishwa wanyama, adhuhuri wakauawa waliohukumiwa, alasiri wakaingia magladiatori. Maseneta, wajumbe wa Seneti, baraza kuu la Roma, walikaa mbele kabisa, wanawake na watumwa juu kabisa, na raia alitakiwa aje amevaa toga, vazi rasmi la Mrumi. Aliyetupa macho majukwaani aliiona dola yote imejipanga kwa daraja zake, inatazama watu wakifa.

Sisi tumezoea kuuweka ustaarabu upande mmoja na ukatili upande wa pili. Mrumi hakugawa hivyo. Alichokichukia ni nguvu isiyo na idhini, ile ambayo sheria zake ziliiita vis: genge lenye silaha, watu kujichukulia hatua.

Kisa cha Pompeii, mji wa Italia, kinaeleza vizuri zaidi kuliko maelezo yoyote. Mwaka 59 BK, wenyeji na wageni kutoka mji jirani wa Nuceria walikuwa wakitazama magladiatori. Wakaanza kutupiana matusi, kisha mawe, mwisho wakachomoleana silaha. Wageni wengi waliuawa au kujeruhiwa. Kaisari Nero alilipeleka shauri kwa Seneti, na Seneti ikaipiga Pompeii marufuku ya miaka 10 kuandaa maonyesho ya aina hiyo. Mfadhili wa siku ile, Livineius Regulus, akafukuzwa nchini. Tazama kosa lilikuwa wapi. Mtu kufa mchangani, pale chini wanapopigania, ni munus, mtu kufa jukwaani ni aibu ya mji.

Na huyo aliyekufa mchangani? Alishangiliwa, jina lake likachorwa kwenye kuta, lakini kisheria alikuwa mtu asiye na heshima, amewekwa kundi moja na makahaba.

Walikuwapo waliokereka. Mwanafalsafa Mrumi Seneca aliandika kwamba alikwenda uwanjani adhuhuri akarudi nyumbani mkatili zaidi, amepungukiwa na utu, kwa sababu alikuwa katikati ya watu. (Mchezo huo wa maneno upo kwenye Kilatini chake pia: homines, watu; inhumanior, aliyepungukiwa zaidi na utu.) Ila soma alilalamikia nini: mauaji ya adhuhuri, ambapo watu walichinjana bila ngao wala ufundi. Gladiatori anayeupokea upanga bila kutikisika, huyo Seneca alimtaja zaidi ya mara moja kama mfano wa ushujaa.