Sheria nne za ndoa, nchi moja: Trinidad na Tobago ilivyofika kwenye miaka 18

Hadi mwaka 2017, ukiuliza msichana wa Trinidad na Tobago anaruhusiwa kuolewa akiwa na miaka mingapi, ungeulizwa kwanza ni wa dini gani. Taifa hilo la visiwa viwili katika Bahari ya Karibi, lenye watu takribani milioni 1.4, lilikuwa na sheria nne za ndoa zilizotumika sambamba. Ya Waislamu iliruhusu msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 16. Ya Wahindu ilitaka 14 na 18. Ya wafuasi wa Orisha, dini yenye asili ya Wayoruba, ilitungwa mwaka 1999 ikaweka 16 na 18. Ya nne, ya ndoa za serikali na za Kikristo, haikuweka umri wa chini kabisa, na panapokosekana umri hufuatwa kanuni za kale za mahakama za Kiingereza: miaka 12 kwa msichana, 14 kwa mvulana. Uingereza yenyewe iliachana na kanuni hiyo mwaka 1929 ilipoweka miaka 16 kwa wote. Koloni lake la Trinidad na Tobago lilibaki nayo, na nchi huru ikairithi.

Jambo hili husahaulika mara nyingi. Mjadala ulipopamba moto, lawama zilielekezwa kwa Waislamu na Wahindu, ilhali sheria ya wengineo nayo ilikuwa chini vilevile, ila tu tarakimu haikuandikwa.

Sheria za dini zina historia yake, na asiyeijua hataelewa kwa nini zilitetewa kwa nguvu. Meli ya Fatel Razack ilitia nanga Trinidad tarehe 30 Mei 1845 ikiwa na vibarua wa mkataba kutoka India, na hadi mpango huo ulipokoma mwaka 1917 walikuwa wameletwa zaidi ya 140,000. Ndoa walizofunga kwa taratibu zao hazikutambuliwa na serikali ya kikoloni. Mtoto wao alihesabiwa kuwa wa nje ya ndoa, na baba akifa bila wosia, urithi ukawa na utata. Waislamu walianza kupata utambuzi katika miaka ya 1930, Wahindu mwaka 1945. Kwa jamii hizo, sheria ya ndoa ilikuwa haki iliyopiganiwa. Ndiyo maana mwaka 2016, serikali ilipotangaza nia ya kubadili umri, baadhi ya viongozi wa dini waliona wananyang'anywa walichoachiwa na babu zao. Hata hivyo upinzani dhidi ya ndoa za utotoni haukutoka nje tu: jumuiya ya wanawake wa Kihindu ilikuwa imedai mabadiliko kwa miaka mingi.

Takwimu alizotoa Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Faris Al-Rawi, zilionyesha ndoa 3,478 za watoto zilizosajiliwa kati ya 1996 na 2016. Wasichana walikuwa 3,404, wavulana 74. Kwa hiyo tunapozungumzia ndoa za utotoni visiwani humo, tunazungumzia karibu wasichana watupu.

Madhara makubwa zaidi yalijificha ndani ya sheria ya jinai. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1986 iliweka kifungo cha maisha kwa mwanamume anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 14 “ambaye si mke wake”. Maneno hayo machache yalitosha kubomoa ulinzi wote: tendo lilelile lilikuwa jinai kubwa kabla ya ndoa, na halali baada ya cheti kutiwa saini. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Mei 2015, ikisema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa zaidi ya miaka miwili nchi ikawa na sheria inayomwita msichana wa miaka 17 mtoto, na nyingine inayoruhusu wa miaka 12 awe mke.

Ridhaa ya mzazi nayo ilitajwa kama kinga. Tatizo ni kwamba mzazi anayetia saini mara nyingi ndiye aliyepanga ndoa, hasa binti akiwa mjamzito na familia inaogopa aibu. Mfungishaji ndoa huangalia kama fomu ina saini. Si kazi yake kumweka binti kando na kumuuliza anataka nini. Sharti la namna hiyo halimlindi mtoto, linamlinda mfungishaji ndoa.

Muswada ulipita Seneti Januari 2017, ukakwama kwenye hesabu. Katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 13, inataka sheria inayogusa haki za msingi iungwe mkono na tatu ya tano ya wabunge wote. Baraza la Wawakilishi lina viti 41, kwa hiyo zilihitajika kura 25, na chama tawala kilikuwa na 23. Serikali ikaondoa ndani ya muswada kipengele kilichodai wingi huo, na Juni 2017 ukapita kwa wingi wa kawaida.

Uamuzi wa kiufundi uliofanywa unastahili kuangaliwa. Sheria nne hazikufutwa. Kila moja ilirekebishwa umri peke yake, hivyo nikaha inabaki nikaha, na pandit, yaani kuhani wa Kihindu, bado anafungisha ndoa kwa taratibu za Kihindu. Kilichobadilika ni miaka 18 kwa kila mtu, na hata ridhaa ya mzazi au ruhusa ya hakimu haiwezi kuishusha. Sheria haikurudi nyuma, kwa hiyo waliooana kabla yake walibaki wanandoa. Isichoweza kukifikia ni sherehe isiyosajiliwa, pale familia mbili zinapokubaliana nyumbani na binti akahamia kwa mwanamume. Hapo hakuna ndoa ya kubatilisha, na kilichobaki ni sheria ya jinai na mtu wa kutoa taarifa.

Kenya ilifika huko mapema. Sheria yake ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano na kuweka miaka 18 kwa zote, ingawa kifungu cha 49 kinasema lisilopatana na sheria ya Kiislamu halitawahusu Waislamu, na mianya huanzia kwenye vifungu vya namna hiyo. Tanzania Bara ina sheria moja kwa dini zote tangu 1971, lakini vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu msichana wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu wa 14. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka mmoja uliotolewa kufanya marekebisho ulipita bila marekebisho.

Hata hivyo, kuna vifungu vinavyotumika. Tanzania Bara, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 30, hata wazazi wakiridhia. Wanaokusudia kuoana hutoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, na ndani ya muda huo mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi. Lifanye kwa maandishi, ukitaja umri wa binti na shule anayosoma, ukiambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa kama ipo; kama hakuna, kadi ya kliniki au rejista ya shule husaidia kuthibitisha umri. Sherehe ikiwa imeshapangwa bila msajili, usisubiri siku 21: piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto inayotumika Tanzania na Kenya, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, ukiwa na jina la kijiji na tarehe ya sherehe.