Rangi ya Kito Chako Iko Ndani au Imepakwa Juu?

Pete ninazoletewa kwa malalamiko kwamba "zimechujuka" karibu zote hufanana: pete ya fedha, jiwe kubwa la rangi za upinde wa mvua, kijani ikiingia kwenye zambarau, zambarau ikiingia kwenye waridi. Mwenyewe huja akiamini aliuziwa kioo. Huigeuza pete, nikamshikisha lenzi, akatazama mgongo wa jiwe, kisha nikamweleza jambo ambalo muuzaji alipaswa kumwambia siku aliyonunua. Jiwe lake ni topazi halisi. Rangi ilipakwa, nayo imelika.

Ningependa kila anayenunua vito hapa Nairobi, awe Biashara Street, mtaani kwake au mtandaoni, aulize swali moja kabla ya kutuma M-Pesa: rangi hii iko ndani ya jiwe au iko juu yake? Bei hutegemea jibu hilo. Namna ya kuosha hulitegemea pia, na hata fundi utakayemwachia pete hiyo.

Vito vingi vya rangi vilivyoko madukani vimeboreshwa kwa njia fulani, wala hilo si aibu. Tanzanaiti nyingi ya Mererani hutoka ardhini ikiwa ya kahawia. Hupashwa moto wa nyuzi 500 hivi za Selsiasi na bluu yake ikajitokeza. Topazi ya bluu unayoiona kila duka, mara nyingi ilianza bila rangi yoyote, ikapigwa mionzi, kisha ikatiwa moto. Rangi za namna hiyo zimeingia mpaka kiini. Lipasue jiwe, vipande vyote viwili ni bluu. Tsavoraiti yetu ya Taita Taveta, kito cha kijani, kwa kawaida hukatwa na kung'arishwa tu, ndiyo maana huwa sichoki kuisifu.

Kupaka ni kazi ya namna nyingine. Topazi isiyo na rangi huwekwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, kisha tabaka jembamba sana la oksidi ya titani hutandazwa juu yake, mara nyingi upande wa nyuma. Unene wake hauzidi sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita. Mwanga ukigonga juu ya tabaka na chini yake, miale inayorudi hukutana, rangi nyingine zikaimarika na nyingine zikafifia. Ni kama petroli inavyotoa rangi juu ya kidimbwi cha maji ya mvua. Topazi ya aina hii iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la Mystic Topaz. Kwatzi, jiwe jingine la kawaida, nayo hupakwa mvuke wa dhahabu ikageuka ya buluu ya kung'aa, ikauzwa kwa jina la Aqua Aura. Mwaka 2008 maabara za Marekani ziliripoti hata tanzanaiti zilizopakwa tabaka lenye kobalti ili bluu hafifu ionekane nzito. Habari hiyo ilinikera kuliko zote, maana mnunuzi wa tanzanaiti hulipia rangi hasa.

Kulitambua jiwe lililopakwa kunahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na subira kidogo. Geuza kito, mgongo juu, ukisogeze taratibu chini ya taa. Jiwe lililopakwa hutoa mng'ao wa kimetali wenye rangi zinazohamahama juu ya ngozi yake. Kisha tazama kingo, pale nyuso mbili za mkato zinapokutana. Hapo ndipo tabaka huanza kulika: utaona mistari myembamba isiyo na rangi ikifuata kingo, pengine na vitone vyeupe ambapo rangi imebanduka. Kama jiwe halijafungwa kwenye pete, litie ndani ya maji kwenye bakuli jeupe. Mng'ao wa juu hupungua, na sehemu zilizovuliwa rangi hujitokeza wazi zaidi.

Sasa kuosha, maana hapa ndipo vito vingi huharibikia. Topazi ina ugumu wa 8 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, na wauzaji hupenda kuitaja namba hiyo. Ni namba ya jiwe, haihusu tabaka. Vumbi letu lina chembe za kwatzi, zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kufuta pete kavu kwa pindo la leso ni kuisugua kwa mchanga.

Adui mkubwa zaidi ni fedha yenyewe. Fedha huwa nyeusi, na kila nyumba ina dawa yake: dawa ya meno na mswaki, magadi, ndimu na chumvi, wengine hata Jik. Fedha inang'aa kweli, huku rangi ya jiwe ikiondoka kidogo kidogo, na mwenyewe haoni uhusiano. Nawaomba sana, msiguse jiwe lililopakwa kwa chochote kati ya hivyo. Ukitaka kung'arisha fedha, tumia kitambaa maalumu cha fedha kwenye mduara wa pete peke yake, ukiishia mbali na jiwe.

Jiwe lenyewe lataka maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini ya vyombo, na vidole vyako. Liloweke dakika chache, upapase upande wa nyuma kwa upole, suuza kwa maji safi kwenye bakuli (usifanye hivyo juu ya sinki lililo wazi!), kisha likaushe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa bila kusugua. Fanya hivi kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa mafuta ya kujipaka na losheni hujikusanya nyuma ya jiwe na kuzima rangi. Kuna mama aliyeniletea pete akisema, "Fundi, hii imekufa." Iliinuka kutoka kwenye maji ya sabuni na rangi zake zote.

Ivue unapofua, unapoosha sufuria kwa waya, unapopiga deki. Ihifadhi peke yake kwenye kijifuko cha kitambaa, isigongane na vito vingine. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, hereni na kidani huvumilia kuliko pete, kwa sababu havigongwi mno.

Ukimpelekea sonara pete ikuzwe au ipunguzwe, mwambie mapema kwamba jiwe limepakwa, hata kama unadhani ataona mwenyewe. Moto wa kulehemu, asidi ya kusafishia baada ya kulehemu, gurudumu la kung'arishia, mvuke, na mashine ya kuoshea kwa mitetemo ya sauti, vyote vyaweza kuharibu tabaka. Jiwe litolewe kwanza, lirudishwe kazi ikiisha. Fundi akisema hakuna haja, tafuta mwingine.

Unaponunua, taka risiti iandikwe "topazi iliyopakwa rangi", si "topazi" tu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha, na karatasi ndiyo itakayokutetea. Muuzaji mwaminifu hatasitasita kuandika. Mimi sioni ubaya wowote katika kito kilichopakwa kikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake.

Wengi huniuliza kama rangi iliyolika yaweza kurudishwa. Kupakwa upya kunahitaji kiwanda chenye chemba ile, na gharama ya kulituma jiwe moja huzidi thamani ya jiwe jipya. Kinachowezekana ni kumpa mkata vito alivue tabaka lililosalia na kuling'arisha upya. Utabaki na topazi nyeupe, safi kabisa, ambayo haitachujuka tena.