Mambo Msiige, nyumba isiyogawiwa

Kila mgeni ninayempitisha Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, huuliza mayai. Haulizi mwaka wala mjenzi. Ameshasikia kwamba Mambo Msiige, ile nyumba kubwa iliyokaa kwenye Uwanja wa Kelele na kuipa bahari ubavu, chokaa yake ilikandwa kwa ute wa maelfu ya mayai. Nami ninayekarabati nyumba za Mji Mkongwe hutarajiwa nikate shauri.

Chokaa haihitaji yai. Inahitaji subira. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa shimoni kwa miezi. Kinachotoka humo ni laini kama samli iliyoganda. Ukikichanganya na mchanga na udongo mwekundu ukajengea, huanza kuvuta hewa ya ukaa na kurudi taratibu kuwa jiwe. Kazi hiyo haiishi mwaka mmoja wala miwili. Fundi aliyenifundisha alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ukuta wa chokaa humaliziwa na wajukuu." Ndiyo maana nagombana na kila anayeziba nyufa za nyumba hizi kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na saruji huufunga mdomo. Chumvi ya bahari inabaki ndani, na misimu michache baadaye lipu inabanduka na vipande vya jiwe.

Hadithi ya mayai naipenda lakini, kwa sababu inasema jambo la kweli kuhusu gharama. Nyumba ilimalizika karibu mwaka 1850, enzi za Seyyid Said, wakati karafuu na pembe za ndovu zimewatajirisha watu kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa tajiri wa Kiarabu, na jina tunaloliita hadi leo linatosha kutueleza tabia yake. Angalia sarufi yake: msiige, katazo la wingi. Hapo hakukusudiwa jirani mmoja. Mji mzima umeambiwa.

Na bado, kwa namna ilivyojengwa, alikuwa amefungwa na kitu kile kile kilichomfunga jirani yake maskini: boriti. Miti ya mikoko inayobeba dari zetu haizidi sana mita tatu kwa urefu unaofaa, tena nchani ndiyo hutua juu ya ukuta. Basi chumba cha tajiri kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake ni ule ule. Ukitaka ukubwa, unazidisha vyumba, unazidisha ghorofa, unanenepesha kuta. Kwa hiyo nyumba za kifahari za hapa ni vyumba vyembamba virefu vilivyopangwa kuuzunguka ua, na nje ukuta mtupu na mlango wa nakshi. Juu ya boriti hupangwa mawe, halafu zege la chokaa, ambalo watu walilitwanga kwa fimbo siku nyingi huku wakiimba ili wapigaji wasipishane. Sakafu iliyotwangwa vizuri haivuji. Iliyotwangwa kwa haraka utaijua masika ya kwanza.

Sasa umiliki, ambao kwangu ndio sehemu tamu. Mwaka 1864 alifika Unguja Askofu Tozer na wenzake wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na Mambo Msiige ikawa makao yao kwa miaka kama kumi. Katika kundi hilo alikuwamo Edward Steere, aliyeanza papo hapo kukusanya ngano na kupanga sarufi ya Kiswahili. Kitabu chake cha lugha kilitoka 1870. Mtu anayesoma makala hii ana deni dogo kwa miaka ile, akitaka asitake. Sultan Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, na misheni ikaanza nao skuli. Nyumba ya mtu aliyetajirika katika uchumi uliosimama juu ya migongo ya watumwa, ikawa makao ya misheni yenye wanafunzi wa namna hiyo. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa 1873, misheni ikapata kiwanja pale, na moyo wake ukahamia huko lilikojengwa kanisa.

Baada yao, katikati ya miaka ya 1870, ukaingia ubalozi mdogo wa Uingereza. John Kirk, aliyemshinikiza Sultan Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa, alibaki balozi hadi 1886. Ubalozi wenyewe ulikaa hadi 1913, mwaka ambao Zanzibar ilitolewa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kukabidhiwa Wizara ya Makoloni. Kisha nyumba ikawa hospitali ya Wazungu mpaka 1924, na baada ya hapo ofisi za serikali kwa miongo mingi.

Umeona kitu? Kila mara anatoka mmoja anaingia mmoja, na kila anayeingia anaichukua nzima. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazikupata bahati hiyo. Baba akifa, mirathi ya Kiislamu inagawa: mtoto wa kiume fungu, wa kike nusu ya fungu, mjane thumuni, yaani moja ya nane. Baada ya vizazi vitatu nyumba moja ina warithi thelathini, wengine wako Muscat, na hakuna anayeona sababu ya kununua chokaa peke yake. Waliotaka kuliepuka hilo waliweka wakfu, nyumba isiuzwe wala kugawiwa. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zikataifishwa na kupewa familia kadhaa kwa pamoja. Si mbali na hapo, Shangani hiyo hiyo, iko nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa, aliyefariki 1905. Nayo ilikuja kukaliwa na familia kadhaa. Siwalaumu wakaazi. Kinachoua dari ni maji ya kufulia na ya kupikia kwenye ghorofa ambazo hazikukusudiwa mabomba, yanayopenya kidogo kidogo hadi ncha za boriti zilizomo ukutani, ambako jicho halifiki. Boriti huoza pale kwanza. Mimi huanza kugonga pembeni, si katikati.

Mambo Msiige iliepuka kugawiwa, lakini haikuepuka hoteli. Tangu 2015 ni sehemu ya Park Hyatt, pamoja na jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyouorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000, ililalamikia ukubwa wa jengo hilo, na mimi nakubaliana nayo. Nyumba ya kale yenyewe sina ugomvi nayo: ina paa, ina mwangalizi, ina pesa. Nikipita jioni wakati vijana wanaruka majini, huangalia ile nafasi kati ya dirisha na dirisha kwenye ukuta wa kale, na jinsi kuta nene zilivyokula nafasi baina yao. Kisha natazama jengo la pili, lenye mtindo wa kizamani na upya wa juzi, lililojengwa jirani na nyumba iliyowaomba watu wasiige.