Je, wajua kwa nini mgonjwa hunyimwa ugali kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito?

Tarehe ya upasuaji imeshapangwa, kisha mgonjwa anakabidhiwa karatasi: wiki mbili hakuna ugali, wali, chapati, soda wala juisi. Nyumbani watu wanashangaa. Kama angeweza kujinyima, kisu cha nini? Wengi huamua kuwa ni mtihani wa kupima nia yake, au kwamba daktari anataka kitambi kipungue ili abaki na mafuta machache ya kukata.

Hakuna mafuta yanayokatwa. Kunyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi ni kazi nyingine kabisa, ya kurekebisha umbo, na si tiba ya unene. Puto nalo ni jambo jingine: huingizwa kupitia mdomoni, hukaa tumboni miezi kadhaa, hutolewa, na mtu hachanwi popote. Upasuaji unaozungumzwa hapa hugusa mfuko wa chakula na utumbo. Aina moja huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko huo, unabaki mrija mwembamba. Nyingine, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, siku hizi hubakiza kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Kitambi huachwa kilivyo. Kitapungua chenyewe miezi inayofuata, kwa kuwa mtu hula kidogo na homoni za njaa na shibe zimebadilika.

Sasa ugali umekosa nini? Kesi yake iko kwenye ini.

Ini lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Tumezoea kusema liko kulia, lakini pande lake la kushoto huvuka na kufunika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, palepale daktari anapotaka kufika. Siku hizi kazi hufanyika kwa matundu madogo: tumbo hujazwa gesi, kamera huingizwa, na ini huinuliwa kwa chuma na kushikiliwa hadi mwisho. Kwa watu wenye unene mkubwa, mara nyingi ini limejaa mafuta. Huwa kubwa, zito, na jepesi kuchanika na kuvuja damu.

Juu ya mafuta hayo kuna akiba ya wanga, iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu 3 hivi za maji. Fikiria maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Kikombe kimoja cha makavu, asubuhi kimejaza bakuli, na kilichoongezeka ni maji matupu. Ukichota maharage, maji yaliyomo ndani yake yanaondoka nayo. Ndivyo ini linavyofanya wanga unapokatwa: linatumia akiba, maji yanafunguliwa, mgonjwa anakojoa mara kwa mara, na mizani inashuka ndani ya siku chache. Mafuta ya ini hufuata taratibu, ndiyo maana siku tatu hazitoshi.

Kwamba ini hupungua, picha za vipimo zimeonyesha wazi. Kwamba matatizo baada ya upasuaji nayo hupungua, hapo tafiti hazisemi kwa sauti moja. Ndiyo maana hospitali moja huagiza wiki mbili na nyingine nne.

Adui mkubwa wa mpango huu ni karamu ya kuagana na pilau, usiku wa mwisho kabla ya masharti ya kufunga. Mafuta ya ini hayarudi kwa sahani moja, lakini akiba ya wanga huanza kujazwa upya saa hizohizo, na maji yake.

Mwenye kisukari ana la ziada. Akikata wanga huku akiendelea na dozi ileile ya insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Dozi hupangwa upya na daktari kabla mlo huo haujaanza.